Mlima Uliozalishwa Kabla ya Siku Zake

Lipokeeni jembe hili, mpitishiane mkono kwa mkono. Mnauona wekundu unaobaki kiganjani? Watu huufuta kwenye nguo, wakasema ni kutu tu, jembe limenyeshewa, kisha wakaenda kulala. Nyie mmetaka kujua kutu inatoka wapi, na kwa nini chuma kiko huku, shaba iko kule, dhahabu mtu aitafute mpaka mgongo upinde. Mmeuliza wenyewe. Atakayekosa usingizi asimtafute mtu.

Zamani, kutu ikiwa haijapata hata jina, madini yote yalikaa pamoja katika mlima mmoja ulioitwa Nyalumba. Chuma, shaba, bati, risasi, fedha, zebaki na dhahabu yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Nje ya mlima huo, ungetembea mpaka nyayo zikaisha usione hata sindano. Watu wa nchi nyingine walilima kwa vijiti na kuchuna wanyama kwa mawe, na waliotaka jembe walikuja kwa miguu mpaka Nyalumba na mizigo ya chumvi na ngozi, wakasubiri.

Walisubiri kwa sababu siku hizo hapakuwa na kuchimba. Mlima ulikuwa na pango upande wa mashariki, na wenyeji waliliita Mlango. Mlima ulijifungua wenyewe, kwa wakati wake. Watu walisikia mguno mmoja mzito, na walipoingia Mlangoni walikuta vipande vimelala juu ya mchanga, visafi, vimeiva, havina jiwe wala udongo. Waliviokota kwa vikapu na kushukuru. Chuma cha namna hiyo hakikuota kutu. Shoka lililokata nguzo za nyumba ya babu ndilo lililokata miti ya kufunika kaburi la mjukuu, na makali yalikuwa yaleyale. Hata zebaki, hii isiyoshikika, ilikuwa na mifupa, na wanawake walitengenezewa hereni zake.

Watu wa Nyalumba walikuwa wahunzi, na tanuri lao walilihesabu kuwa mwanamke. Walilijenga kwa udongo wa kichuguu, refu kupita mtu, wakalifinyangia matiti, wakalivisha shanga kiunoni. Walipolitia vipande na makaa ili vilainike, waliliimbia nyimbo anazoimbiwa mzazi, na wavukutaji, wale wa kuupuliza moto, hawakurudi kwa wake zao mpaka kazi iishe. Walikuwa na miiko mingi, lakini miwili ndiyo iliyobeba nchi. Wa kwanza ulisema kwamba moto hauingii Mlangoni. Wa pili ulisema kwamba tanuri likishawashwa halizimwi mpaka lizae.

Katika nchi hiyo aliishi mkunga aliyeitwa Nambozi. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye mikono mikubwa, na sikio lake lilisifika mpaka ng'ambo ya mto. Aliliweka juu ya tumbo la mjamzito, akafumba macho, kisha akasema: bado, nenda kalime, au akasema: chemsheni maji. Nusu ya kijiji ilikuwa imetokea mikononi mwake, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo Nambozi alikosea.

Mume wake, Kapele, alikuwa mwokotaji wa Mlangoni. Yeye alikuwa mtu wa mzaha. Kila aliporudi nyumbani hakupiga hodi kama watu. Aligonga nguzo ya mlango kwa mpini wa nyundo, ngo-ngo, akanyamaza, halafu ngo moja. Nambozi alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Mwizi gani huyu mwenye adabu?" Kapele alikuwa akijibu, "Mwizi wa ugali, mama." Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili na mlio huo wa mlangoni, na iliwatosha.

Siku moja ya kiangazi, jua likiwa la utosi, mlima uligeuka. Haukukasirika, na hakuna aliyekuwa ameukosea. Uligeuka tu, kama mjamzito aliyechoka kulalia ubavu mmoja. Lakini kugeuka kwa mlima si jambo dogo. Ardhi iliruka, vyungu vikadondoka rafuni, na Mlango ukajifunga kwa mawe makubwa kama nyumba. Vumbi lilipotulia watu walihesabiana, na aliyekosekana alikuwa mmoja. Kapele alikuwa ameingia peke yake na kikapu chake.

Wanaume waliyakamata mawe kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Waliingiza magogo na kuyasukuma, magogo yakavunjika. Nambozi hakulia. Alipita katikati yao, akapiga magoti, akaweka sikio lake juu ya jiwe kubwa lililoziba Mlango. Watu wote walinyamaza kumpisha asikie.

Akasikia kugonga. Kulikuwa mbali, kudogo, lakini kulikuwapo. Ngo-ngo, kimya, kisha ngo moja.

"Yu hai," alisema. "Huyo ni Kapele. Huo ni mlio wake."

Hapo ndipo aliposogea Sikalengo, mkuu wa wavukutaji, mzee aliyekuwa ameunguzwa nyusi zote na moto wa miaka mingi. Alichuchumaa karibu na Nambozi na kusema taratibu, kwa maana jambo alilolibeba lilimtisha yeye mwenyewe.

"Mama Mkunga, sisi wa moto hatujui mengi. Tanuri linapokawia, tunaongeza mivukuto, nalo linafunguka. Mlima huu nao ni mwanamke, na tangu mchana unaguna. Pengine umeshikwa na uchungu. Kama siku zake zimetimia, tuwashe moto hapa hapa Mlangoni, tuvukute, utafunguka, na mumeo atatoka pamoja na wana wake. Ila kama hazijatimia, tutakuwa tumeua mama na watoto. Mwiko wa moto nitaubeba mimi. Lakini sikio ni lako. Sikiliza tena utuambie."

Nambozi akarudisha sikio kwenye jiwe. Safari hii hakusikiliza kugonga peke yake. Alisikiliza kama mkunga, chini zaidi, mahali ambapo mama mwenyewe hupumua. Na alisikia. Mlima ulikuwa unapumua pole pole, pumzi ndefu za mtu aliye usingizini. Hapakuwa na uchungu pale. Tumbo lilikuwa bado juu. Zilibaki siku nyingi, nyingi kupita maisha ya mtu, na Nambozi alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Na juu ya pumzi hizo akasikia tena ngo-ngo, kimya, ngo.

Aliogopa. Hakuna haja ya kumpamba. Akiyasema aliyoyasikia, wanaume wataweka chini magogo, watakaa matanga, na yeye atakwenda nyumbani kusikiliza mlango usiogongwa. Kule ndani mumewe atagonga leo, atagonga kesho, kisha atachoka. Uchungu wa kumpoteza mume haupimwi kwa kikapu cha mwingine. Nambozi aliinua kichwa, akajipangusa vumbi shavuni.

"Siku zimetimia," akasema.

Sikalengo akauliza, "Una hakika, mama?"

"Nimewapokea wanao wote, Mzee. Ni yupi niliyekosea siku zake?"

Mzee akawapungia wavukutaji mkono. Wakaenda kuleta makaa.

Waliijaza mianya yote ya mawe kwa makaa na kuni za mninga. Wakachomeka midomo ya udongo ya mivukuto kila palipokuwa na ufa, wakaketi wawili wawili, wakaanza. Walizijua nyimbo, wakaziimba. Mwanzoni palikuwa na matumaini, watu wakashikana mabega. Moto ulipanda, mawe yakabadilika rangi, na nchi nzima ikasikia mivukuto ikihema, fu-fu, fu-fu, mpaka jua likazama na jua la pili likapanda.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Mbuzi walikataa kushuka kisimani, na aliyekwenda kuchota alirudi mtungi ukiwa mtupu, kwa sababu maji yalikuwa yanatokota. Mijusi walitoka nyufani kwa wingi, wakakimbia juu ya miguu ya watu bila kuwaogopa, maana kilichokuwa nyuma yao kiliwatisha zaidi. Ndege walikuwa wameondoka bila mtu kuona. Na ile pumzi ndefu ya mlima sasa ilisikika hata kwa wasio na sikio la ukunga. Ilikuwa imekatika vipande vipande.

Nambozi alirudisha sikio kwenye mwamba, mbali kidogo na moto, mahali ambapo jiwe lilikuwa bado linagusika. Mlio wa kugonga ulikuwapo, tena sasa ulikwenda haraka. Akataka kutabasamu. Lakini akasikia mwingine upande wa kushoto. Akahama, akasikia mwingine upande wa kulia. Akapiga hatua kurudi nyuma, na safari hii hakuhitaji kuinama, kwa kuwa ulikuwa unagonga chini ya nyayo zake.

Mtu mmoja hagongi mahali pote. Maishani mwake alikuwa amesikia sauti ile juu ya matumbo yasiyo na idadi: miwili ya haraka, kimya, mmoja. Alikuwa amewaambia akina mama, wekeni mkono hapa, msikieni anavyocheza. Watoto ndio wagongao hivyo. Hakuwa Kapele. Tangu mwanzo, hakuwa Kapele.

Alifumbua kinywa apige kelele, na kinywa kikakaa wazi bila sauti, kwa sababu kipande kidogo cha moyo wake kilikuwa bado kinasema, pengine, pengine na yeye yumo. Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa muda wa pumzi kadhaa aliiacha mivukuto iheme. Kisha akamkimbilia Sikalengo.

"Zimeni. Mzee, zimeni moto. Hawajatimia."

Jasho la mzee likamganda usoni. "Likishawashwa halizimwi, mama. Wewe unajua." Na wavukutaji hawakunyanyua hata macho. Mikono yao ilikuwa imelelewa tangu ujana katika mwiko huo, ikaendelea kusukuma yenyewe.

Nambozi akashika mtungi wa maji ya kunywa ya wavukutaji, mtungi mkubwa, akaumwagia mwamba wote. Alitaka kuuzima. Lakini nyie mmepata kuona jiwe lililoiva kwa moto likipigwa na maji ya baridi. Mwamba ulilia mlio mmoja, ukapasuka toka Mlangoni mpaka kileleni.

Wana wote wa mlima wakatoka mfululizo, wabichi.

Chuma alitangulia, mwekundu, amejaa damu ya mama yake kuanzia utosini. Hakuna aliyemwosha. Aliporomoka kwenye mabonde, akatapakaa kila upande alipopata mteremko, na udongo aliopita ukabaki mwekundu mpaka leo. Nyuma yake alikuja Zebaki, na Nambozi, ambaye mikono yake haikujua kazi nyingine, aliipanua kumpokea. Alimpokea. Akamhisi baridi kiganjani, mzito kwa udogo wake, halafu akamwona akipita katikati ya vidole vyake matone matone. Alikuwa hajapata mifupa. Nambozi aliinama kumkusanya, na kila alipomgusa aligawanyika.

Bati alitoka akilia. Risasi hakulia kabisa. Alianguka puu, mzito, laini, wa rangi ya mtoto asiyepumua, na Fedha akamwingia kwapani akajificha hapo. Shaba alikimbia kufuata jua lizamako, na kwa hofu nyongo ikampasukia, ikamtia ukijani mwilini. Kulikuwa na wengine wadogo ambao hawakuwa na majina, na watu waliokuwa pale walisema baadaye kwamba hawakutaka kuwatazama.

Dhahabu alikuja wa mwisho. Huyu alikuwa mkubwa wao, na siku zake peke yake ndizo zilizokuwa zimekaribia kutimia. Alisimama juu ya ufa, mzima, anang'aa, hana doa. Aliwaangalia watu mmoja mmoja, akamwangalia Nambozi kwa muda mrefu kuliko wote. Halafu akajivunja mwenyewe, akaingia vipande vyembamba katika mawe meupe na punje katika mchanga wa mito, asije akakutwa amesimama mahali pamoja tena.

Mlima ukatoa pumzi moja, ukatulia. Jioni ya siku hiyo ulikuwa umeanza kudidimia, na leo mahali pale pana bonde lenye vibonge vyeusi, vyepesi, vya matundu matundu. Wahunzi wa siku hizi huviita mavi ya chuma. Wazee wa Nyalumba waliviita kondo la nyuma, na hawakuvikanyaga.

Kapele walimkuta ndani zaidi, chini ya jiwe ambalo moto haukulifikia. Lilikuwa limempata siku ile ile mlima ulipogeuka, pengine kabla hajasikia chochote. Kikapu kilikuwa mkononi. Nyundo ilikuwa chini ya kifua chake, mpini umevunjika vipande viwili, na vumbi juu ya kope zake lilikuwa halijaguswa na chozi wala jasho. Hakuwa amegonga hata mara moja.

Nambozi alimwosha mumewe, akamzika. Hakuna aliyemlaumu mbele yake, jambo ambalo lilimuuma kuliko lawama, na Sikalengo hakuimba tena. Baada ya matanga, mkunga alichukua kikapu cha Kapele, akaanza kuzunguka mabondeni akiokota mawe mekundu. Watu walidhani amerukwa na akili. Lakini yeye alijua jambo moja ambalo wakunga wote wanalijua: mtoto njiti haishi bila joto. Aliyapeleka mawe yale kwenye tanuri, akayalaza juu ya makaa, akaomba wavukutaji wavukute pole pole, mpaka miezi iliyokosekana tumboni ikamalizikia katika udongo ule wenye matiti. Chuma kikatengana na jiwe, kikatoka. Hakikuwa kama kile cha zamani. Kilikuwa na ugonjwa wake wa kuzaliwa nao, lakini kilishika makali.

Na tangu siku hiyo madini hayakai pamoja, na hakuna nchi iliyojaliwa yote. Chuma ndicho kilichoenea kupita ndugu zake, na kwa wingi wake kipo milima ya kusini, kule Liganga. Shaba ilikimbia magharibi mpaka Katanga. Bati limejificha katika vilima vya Karagwe. Dhahabu imetawanyika kusini mwa ziwa kubwa, katika mawe yaleyale meupe, na anayeitafuta husaga mlima apate punje, nayo dhahabu bado haizeeki wala haishiki doa, kwa kuwa yeye alikaribia kutimia. Risasi bado ni laini, hata kisu kinaikata, na anayeiyeyusha mara nyingi humkuta fedha kwapani mwake. Kunja kipande cha bati safi karibu na sikio, utalisikia likilia. Shaba ikiachwa uani hurudiwa na ukijani wake. Na chuma, kikiguswa na maji, hukumbuka damu ambayo hakuoshwa, ikamtoka tena ngozini, na asipopanguswa na kupakwa mafuta huila nafsi yake mpaka arudi kuwa udongo, maana huko, tumboni mwa mama yake, ndiko alikotakiwa awe bado.

Tangu siku hiyo pia mawe hayawi chuma bila tanuri. Na wachimbaji wenye adabu zao, kabla ya kuingia shimoni, hugonga mwamba kwa mpini, wakaweka sikio, wakasubiri. Mwamba ukinyamaza, huingia. Ukijibu, hukusanya vyombo vyao na kurudi nyumbani, hata kama wameona rangi ya dhahabu kwa macho yao, kwa kuwa wanasema wapo watoto wa mlima waliokataa kutoka siku ile, na bado hawajatimia.

Lakini kuna desturi moja zaidi, na hiyo ndiyo mtakayoihitaji. Shimo likiporomoka na watu wakiwa ndani, mwenye mtu wake humo haulizwi kitu. Mpelekeni kivulini. Mpeni maji, mshikeni mkono, akitaka kulia alie. Akiwaambia anasikia mtu anagonga, msimbishie. Ila sikio liwekwe na mwingine.

Haya, rudisheni jembe. Na kila aliyebaki na wekundu mkononi akanawe kwanza kabla hajamshika mtoto.